Mioyo Niliyoipasua

Ninyi mnaoanza kazi katika maabara za shule mwaka huu, nawaandikia kama mstaafu. Msicheke. Nina miaka thelathini na nne, sina mvi hata moja, na najua kustaafu ni neno la watu wenye kofia na fimbo. Lakini daktari wa ngozi hapa Embu aliitazama mikono yangu ilivyopasuka, akauliza nafanya kazi gani, nikamwambia, naye akasema mimi na fomalini, ile dawa kali ya kuhifadhia viungo, basi. Mtu akikatazwa na daktari kurudi kazini, huyo amestaafu. Nipeni heshima yangu.

Sasa nafuga kuku nyumbani. Kila tukichinja mmoja, natoa moyo naugeuzageuza kwenye mwanga, na mama yangu ananipigia kelele kutoka jikoni: "Wanja, lete nyama! Huyo kuku hakuja shule."

Niseme mapema nilivyo, ili mkijiona humu mjue hamko peke yenu. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Kazi hii sikuisomea chuoni. Niliingia maabara ya kwanza, katika shule moja ya upili huku Embu, nikiwa mfagiaji, nikaanza kusoma vitabu nilivyokuwa navipangusa vumbi. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana woga wa aina yake. Kila asubuhi unangoja aje mgeni akuulize swali dogo ambalo kila aliyepita chuoni analijua. Basi nilijificha nyuma ya usafi. Pini nilizipanga kwa urefu. Herufi moja ikipinda kwenye lebo, nabandua, naandika upya. Kijana wa boda boda aliyenipeleka nyumbani jioni alinizoea kiasi kwamba hakuwasha pikipiki kabla ya kuniuliza, "Madam, mfereji umefunga? Umefunga kabisa? Sema mbele ya Mungu." Naapa, tunaondoka, na tukifika kwenye kona namwambia ageuze.

Kisa ninachotaka kuwapa ni cha siku ya wazazi katika shule ya mwisho niliyofanya kazi, kule Meru, si mbali na Makutano. Tulikuwa tumeletewa Mwalimu Mkuu mpya, mtu mzuri, mwenye suti safi na haraka nyingi. Mara ya kwanza alipoingia maabara alivuta pumzi moja, akatoka nje, akamalizia salamu akiwa mlangoni.

"Madam Wanja, hiyo harufu ni ya nini?"

"Ni moyo wa ng'ombe, Mwalimu. Kidato cha tatu wana somo la mzunguko wa damu."

"Na wanauona wapi mzunguko kwa kitu kilichokufa?"

 Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Alikuwa amepata projekta, na kwenye kompyuta yake kulikuwa na video ambayo moyo unapiga, damu ya kwenda mapafuni imepakwa buluu, ya kutoka huko imepakwa nyekundu, na mishale inakuonyesha kila kona. Alinionyesha hapo hapo kwenye baraza. Ilikuwa nzuri. Siwezi kuwadanganya, niliipenda.

"Siku ya wazazi," akasema, "mimi nitaweka video yangu, wewe utapanga meza yako. Halmashauri ya shule itakuwepo. Tukiona meza haiongezi kitu, mambo ya kupasua tunafunga, na hiki chumba kinakuwa cha kompyuta. Ni sawa?"

"Ni sawa, Mwalimu," nikasema, kwa sauti ya mtu asiye na neno, nikaenda kuosha mirija ya kioo iliyokuwa safi.

Chumba kikifungwa, nami nimefungwa. Sikuwa na cheti cha kwenda kubisha nacho mlango mwingine. Hayo ndiyo niliyalala nayo na kuamka nayo muhula mzima.

Lakini lazima kwanza niwaambie aliyenifundisha, la sivyo hamtaelewa niliyoyafanya siku hiyo.

Alikuwa Mzee Njeru, mhudumu wa maabara katika ile shule ya kwanza. Koti lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya chai, na mifukoni alibeba nyuzi, vizibo na karanga, vyote pamoja. Aligundua kwamba mfagiaji wake anasoma.  Jumamosi moja aliniwekea moyo wa ng'ombe kwenye sinia, akaniambia, "Chora unachokiona." Akaenda zake.

Nilichora mchana kutwa. Ubavuni mwa ule moyo kulikuwa na mpasuko mrefu, umenyooka, kingo zake safi. Kitabu hakikuwa nao. Mtu mwenye akili iliyotulia angeuliza. Mimi nilifikiri kitabu kimeandikwa Ulaya, na pengine ng'ombe wa huku kwetu wameumbwa kivyao. Nikauchora kwa uangalifu mkubwa, nikauandikia: "Mlango wa pembeni. Hutumika damu ikizidi."

Mzee Njeru aliutazama mchoro, akavua miwani, akaivaa tena.

"Wanja, umechora vizuri sana. Huu mlango umeuona kwa moyo mmoja tu?"

"Hapana, Mzee. Nilienda nikaangalia hata ile ya kwenye chupa. Yote inao."

"Unajua jina lake?"

"Sijalipata kitabuni."

"Hutalipata. Huo unaitwa mkaguzi wa nyama. Pale kichinjioni hukata kila moyo aone kama kuna minyoo imejificha ndani ya nyama. Ng'ombe hakuzaliwa nao."

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitamani sakafu nifagiayo inifagie. Halafu akapangusa macho na kusema, "Lakini ulichora ulichokiona. Kuna watu huchora cha kitabuni, na moyo uko mbele yao unaoza." Akaubandika mchoro wangu ndani ya mlango wa kabati, na mgeni yeyote aliyekuja kwake alifunguliwa kabati.

Kutoka kwake nilichukua maswali mawili ambayo nayatoa kwenu bure. Ukikutana na mnyama yeyote, alisema, usianze na majina. Muulize: nani anasukuma, na damu inarudi kwa njia gani? Majina yatakuja yenyewe.

Tulianza na panzi. Panzi ana bomba moja jembamba mgongoni. Linasukuma maji ya mwili kuelekea kichwani, na hapo bomba linaisha. Maji yanamwagika ndani ya mwili, yanalowesha viungo vyote, kisha yanarudi polepole mgongoni na kuingia bombani kwa matundu madogo. Mzee Njeru alinipeleka nje akanionyesha jirani wa shule akimwagilia nyanya kwa mtaro. "Huyo ndiye panzi," akasema. Na kwa nini damu yake si nyekundu? Kwa sababu haina kazi ya kubeba hewa. Hewa ya panzi inaingia kwa vijitundu vya ubavuni na kufika kila mahali kwa mirija yake yenyewe.

Nyungunyungu ni mwingine. Yeye ametandaza paipu. Damu yake nyekundu haimwagiki popote, inakaa ndani ya mishipa kama maji ya mradi, na karibu na kichwa kuna mishipa minene iliyopangwa jozi jozi, inayominya na kuachia. Ukimlaza kwenye karatasi iliyolowa utauona mshipa wa mgongoni ukijaa na kupungua, bila kisu wala pini. Nilimwomba msamaha nyungunyungu wangu wa kwanza, maana nilikuwa nimewatupia kuku ndugu zake maisha yangu yote bila kujua.

Basi nilipohamia Meru nilikuja na maswali hayo mawili, na shida moja mpya: bucha.

Makutano kulikuwa na mchinjaji aliyeitwa Baba Mwenda, mtu mkubwa, mwenye aproni inayong'aa na mdomo usiopumzika. Mtoto wake alisoma kwetu. Siku ya kwanza nilimwomba moyo wa ng'ombe, akauchukua, akaupiga kisu juu, mishipa yote ikaruka kwenye ndoo ya paka, mafuta yakafuata, akaniwekea kwenye karatasi kitu laini kama embe.

"Hapo sasa, Madam. Huo hata mtoto anakula."

"Baba Mwenda, mimi nilitaka na yale mabomba ya juu."

"Mabomba? Ya nini? Hayaivi."

"Si ya kupika."

Akanitazama kwa huruma. Alisikia lafudhi yangu ya Embu. "Huko kwenu mnakula mabomba?"

Wateja wote wakacheka, nami nikacheka, maana ukweli ulikuwa mrefu kuliko foleni. Ilinichukua wiki nyingi kumzoeza. Kila Ijumaa nilikuwa nasema, "Nipe mchafu, Baba Mwenda. Usisafishe," naye anaumia kweli kweli, kama fundi wa suti aliyeambiwa aache nyuzi zining'inie. Mwishowe alikubali, ila alinifungia kwa gazeti mara mbili, watu wasione ni bucha gani inauza nyama ya namna hiyo. Kumbukeni hili, vijana: kwa mwenye bucha, moyo ni nyama. Kwetu, kazi yote iko kwenye kile anachokitupa. Moyo bila mishipa yake ni nyumba isiyo na milango. Huwezi kumwonyesha mtu wapi pa kuingilia.

Sasa turudi kwa siku ya wazazi.

Nilipanga meza tangu alfajiri. Mwanzoni niliweka viwavi wa sukuma wiki chini ya kioo cha kukuzia, wale wa kijani wenye ngozi nyembamba, kwa sababu ukitulia unaona ule mstari wa mgongoni ukipiga, na wimbi linatoka nyuma kwenda mbele. Wakafuata nyungunyungu. Kisha beseni la vifaranga vya tilapia kutoka bwawa la jirani, kisha moyo wa kuku, na mwisho kabisa, kwenye sinia nyeupe, mahali pa moyo wa ng'ombe. Hilo ndilo lingekuwa onyesho langu kubwa. Ningemwaga maji kwenye mshipa mkuu, wazazi waone milango ya ndani ikifunga na kuyashika maji yasirudi. Hiyo hakuna mshale wa buluu unaoweza kukuonyesha.

Baba Mwenda aliuleta mwenyewe ndani ya mfuko, amevaa koti. "Madam, leo ni siku kubwa," akasema, akauweka chini kwa mikono miwili. Nilimshukuru bila kuinua kichwa. Nilikuwa naandika upya lebo ya tilapia kwa sababu herufi ya mwisho ilikuwa imekonda. Mimi, mtu wa kugeuza pikipiki kwa ajili ya mfereji, sikuufungua ule mfuko.

Wazazi walijaa. Mwalimu Mkuu alianza na video, na ilipendeza. Watu walipiga makofi. Mama mmoja alisema, "Hata mimi nimeelewa, na shule niliacha nikiwa mdogo." Nikapiga makofi pia.

Kisha wakaja kwangu. Bibi mmoja mwenye kitambaa cha kanisa aliinama kwenye kioo cha kiwavi, akainuka ghafla.

"Huyu ndiye anayenimalizia sukuma!"

"Ndiye, Nyanya."

"Na ana moyo?"

"Anao. Ndio huo unaopiga mgongoni."

"Ana moyo na ananifanyia hivyo!"

Chumba kizima kikacheka. Nikawaeleza panzi na kiwavi ni wa mtaro, nyungunyungu ni wa paipu. Wazazi hao ni wakulima, mradi wa maji wanaujua kuliko sala. Nilipofika kwa samaki nikasema moyo wake una vyumba viwili tu, kimoja cha kupokea na kingine cha kusukuma, na njia yake ni moja: damu inatoka moyoni, inapita kwanza kwenye matamvua kuchukua hewa, halafu bila kurudi moyoni inaendelea mwilini. Mzee mmoja akainua mkono.

"Kwa hivyo ikifika mkiani haina nguvu."

"Imepungua sana, Mzee."

"Kama sisi wa mwisho wa paipu. Wa juu wakifungua, sisi tunapata upepo."

"Ndiyo hivyo. Lakini samaki anabebwa na maji, hahitaji nguvu nyingi. Kuku na mbuzi na sisi tuna pampu mbili zilizoshonwa pamoja. Damu ikitoka mapafuni inarudi moyoni kwanza, isukumwe upya."

"Hao ndio waliopewa tangi lao," akasema, na wenzake wakaitikia.

Tulikuwa tunaenda vizuri. Nikasema, "Sasa tuone hizo pampu," nikafungua mfuko wa Baba Mwenda.

Ulikuwa moyo mzuri kuliko yote niliyowahi kuona buchani. Hakuna mafuta. Hakuna mishipa. Umekatwa juu kwa mkono wa ufundi, umeoshwa, unang'aa. Kwa heshima ya siku kubwa, mbele ya halmashauri na Mwalimu Mkuu, Baba Mwenda hakukubali shule ya mwanawe iaibike kwa moyo mchafu. Alikuwa amesimama mstari wa mbele, amekunja mikono, anatabasamu.

Niliugeuza juu chini. Msichana wa kidato cha tatu akauliza, kwa nia njema kabisa, "Madam, maji yataingilia wapi?"

Mwalimu Mkuu akatazama saa. "Madam Wanja, kama imekuwa ngumu, tunaweza kurudia ile sehemu ya video."

Hakuwa na ubaya. Ndiyo maana iliuma. Nilifungua mdomo kusema sawa, nikasikia harufu ya moshi kutoka nyuma ya jikoni. Walikuwa wanachinja mbuzi wa wageni.

"Dakika chache, Mwalimu," nikasema, nikatoka mbio na koti langu jeupe.

Nyuma ya jikoni alikuwepo Mzee M'Ikiara, mwenyekiti wa halmashauri, ambaye tangu asubuhi alikuwa amekataa kukaa kwenye hema kwa sababu, alisema, mbuzi hawezi kuachiwa vijana. Mbuzi wa kwanza alikuwa kwenye moto. Wa pili alikuwa ananing'inia, amefunguliwa, na mapafu, moyo na koromeo vilikuwa vimetolewa pamoja, vizima, vinatoa mvuke. Afisa wa mifugo alikuwa ameushika ule moyo mkono mmoja na kisu mkono wa pili.

"Usikate!" nikapiga kelele.

Wote wakageuka. Afisa akainua kisu juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Madam, ni ukaguzi. Lazima nikate."

"Utakata. Lakini utakatia maabara. Tafadhali. Mzee, naomba moyo huo."

Mzee M'Ikiara alinitazama kutoka viatu mpaka kichwani. "Mwari, hapa kila kipande kina mwenyewe. Kuna cha wageni, kuna cha akina mama, na moyo na ini ni za waliosimama kwenye moshi. Mimi nimesimama kwenye moshi tangu asubuhi. Wewe umesimama wapi?"

"Maabara, Mzee. Na Mwalimu Mkuu anataka kuifunga."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka tu. Wazee wenzake waliokuwa motoni wakamgeukia yeye. M'Ikiara akachezea kisu chake.

"Moyo uliokufa utaokoa maabara namna gani?"

"Njoo nao uone ukifanya kazi."

"Umekufa, na utafanya kazi?"

"Njoo, Mzee. Nikikudanganya, nami nitasimama kwenye moshi mpaka jioni."

Nadhani ni udadisi uliomshinda. Aliushika mzigo wote kwa koromeo, akatangulia mbele, damu ikidondoka kwenye njia iliyokuwa imefagiliwa kwa ajili ya wageni. Afisa wa mifugo akafuata na kisu. Wazee wa moto wakafuata nyama yao.

Tulipoingia, Mwalimu Mkuu alirudi nyuma hadi ukutani. Sinia yangu nyeupe ikaharibika, lebo zikalowa, pini zikaanguka, na kwa mara ya kwanza katika kazi hiyo sikuwa na nafasi ya kuona haya. Nilitoa pampu ya baiskeli kabatini, nikaingiza mdomo wake kwenye koromeo, nikafunga kwa kamba, nikasukuma. (Pampu, vijana. Kamwe msipulize kwa mdomo.) Mapafu yakavimba, yakawa meupe kama mawingu, watu wakapiga ukelele. Bibi wa kiwavi akasema, "Yesu wangu, amefufuka!"

Kisha nikautenga moyo kutoka kwenye mapafu, nikiiacha mishipa yake mirefu, nikampa Mzee M'Ikiara aushike. Mikono yake ilijua mbuzi kuliko yangu. Nilimwonyesha mshipa mkuu, ule mnene unaopeleka damu mwilini, nikausafisha ndani, nikamimina maji kwa jagi dogo.

Maji yakasimama. Yalijaa mpaka mdomoni mwa mshipa, yakakaa hapo kama chai kwenye kikombe.

"Kwa nini hayashuki?" akauliza.

"Milango imefunga, Mzee. Damu ikishatoka hairuhusiwi kurudi. Chungulia." Alichungulia, akaviona vile vifuko vitatu vyembamba vimebanana katikati. Nikayamwaga yale maji. "Sasa tutapita njia iliyo halali. Mimi namimina kwenye mshipa huu unaotoka mapafuni, wewe ukisikia umejaa, minya."

Alikuwa mtu wa kukamua ng'ombe. Aliminya kweli. Maji yaliruka kutoka kwenye mshipa mkuu, yakavuka meza, yakampata Mwalimu Mkuu kwenye tai.

 Mwalimu Mkuu akaitazama tai yake, akautazama moyo. Halafu akavua koti la suti, akampa Baba Mwenda amshikie, akakunja mikono ya shati. "Mzee," akasema, "nipishe kidogo nijaribu."

Akajaribu. Akajaribu tena. Akamimina mahali pasipofaa, maji yakagoma, akacheka peke yake kwa furaha, akageukia wanafunzi: "Mmeona? Mmeona inavyokataa?" Wakati huo Baba Mwenda, amebeba koti la suti, alikuwa amenisogelea.

"Madam. Kumbe hayo mabomba ndiyo kazi yenyewe?"

"Ndiyo, Baba Mwenda."

"Na mimi miaka yote nampa paka." Alisikitika sana. "Lazima yule paka ana akili."

Mwisho afisa wa mifugo akasema yeye bado ana kazi yake, na alikuwa na haki. Alikata mpasuko mmoja mrefu mbele ya wote, akafungua, na hapo kila mtu akaona kile ambacho nilikuwa nimeandika kwenye lebo zilizolowa: upande wa kwenda mapafuni una ukuta mwembamba kwa sababu mapafu yako jirani, na upande wa kwenda mwilini una ukuta mnene, maana safari yake ni mpaka kwato. Mzee M'Ikiara aliupitisha kidole gumba, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nimekula mioyo ya mbuzi tangu nipate meno," akasema. "Sikuwahi kuuliza kwa nini upande mmoja unatafunika zaidi."

Msiichukie video, basi. Baadaye Mwalimu Mkuu mwenyewe ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushikilia simu juu ya hadubini, na kifaranga cha tilapia kikiwa kimefunikwa pamba iliyolowa, tukarusha mkia wake ukutani kwa projekta, chembe za damu zikipita moja moja kwenye mishipa myembamba kuliko uzi, darasa zima likishangilia kama kwenye mpira. Halafu samaki anarudishwa majini haraka, akiwa mzima. Vitu viwili hivyo vilipatana vizuri kuliko nilivyodhani. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile nilikuwa bado sijajua kama nina kazi.

Wazazi walikuwa wanaanza kwenda kula. Mzee M'Ikiara alinawa mikono, akaunyoshea kidole ule moyo.

"Sasa mmemaliza nao. Turudishieni."

Nilimtazama afisa wa mifugo. Afisa akainama juu ya sinia, akanusa, akaniinulia macho. "Hii sinia huwa na fomalini?"

"Huwa nayo," nikasema.

"Basi hauliwi."

"Si umeukagua?" M'Ikiara akauliza. "Una ugonjwa?"

"Hauna ugonjwa, Mzee. Ni mzima kabisa. Lakini kitu kikiingia humu na kuguswa na vyombo vya humu, hakitoki kwenda mdomoni."

Hiyo ni sheria, vijana, na hata mwenyekiti wa halmashauri akiwa na njaa haibadiliki. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa upole, nikiogopa kwamba nimepoteza kura ya mwisho niliyokuwa nayo. Mzee M'Ikiara aliutazama moyo wake uliofunguka kwenye sinia. Wazee wa moto walisimama nyuma yake kama waliofiwa. Mwalimu Mkuu, shati limelowa, bado alikuwa na jagi mkononi.

"Mwalimu," M'Ikiara akasema hatimaye.

"Naam, Mwenyekiti."

"Mwaka ujao mnunue mbuzi watatu. Wawili wetu, na mmoja wa huyu msichana. Na awe anachinjiwa hapa hapa mlangoni, nisibebe tena."

"Nitaiweka kwenye mpango," akasema Mwalimu Mkuu, akaweka jagi chini, akaanza kutafuta kitambaa cha kupangusia meza yangu.